Kuwatembelea Ndugu na Marafiki wa Zamani kwa Trela la Kulala: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Shangazi yangu alikuwa na vyumba viwili na kitanda kimoja kizuri. Kila tulipokwenda kumsalimia alitulazimisha tulale kitandani, yeye akajikunja kwenye kochi la sebuleni, na asubuhi akaapa kwamba amelala usingizi mnono. Alikuwa na miaka 74. Tangu tuanze kwenda kwake na trela, shangazi analala kwake na sisi tunalala kwetu, hatua ishirini kutoka mlangoni pake. Mazungumzo ya jioni yamekuwa marefu zaidi, maana hakuna tena anayewaza nani atalala wapi.

Hiyo ndiyo faida kubwa ya kuzungukia watu wako kwa trela: unakuwa karibu nao bila kuwakalia. Lakini faida hiyo haiji yenyewe. Trela lililoziba njia ya jirani, linalokata umeme wa nyumba nzima kila linapochemsha maji, au lililopitisha siku nne zaidi ya ahadi, ni mzigo kuliko mgeni wa kochini. Mwongozo huu unaifuata safari tangu unapoandika majina hadi unapotoka getini. Ninaongelea trela la kuvutwa na gari la familia au pikapu, lenye vitanda, jiko dogo na pengine choo.

Hatua ya 1: Andika majina kabla ya kufungua ramani

Wengi huchagua barabara kwanza, kisha wakatafuta nani yuko njiani. Nashauri kinyume chake. Chukua karatasi, andika kila mtu unayetamani kumwona, na mbele ya kila jina andika mambo matatu: hali ya afya yake, nafasi iliyopo kwake ya kuegesha, na muda ambao hamjaonana. Haya matatu ndiyo yatakayoipanga safari.

Wazee na wagonjwa watangulie. Najua inavutia kumwacha mzee wa ukoo awe kilele cha safari, lakini mwisho wa safari ndio unaokatwa pale mambo yanapoharibika. Tulimwacha mjomba awe wa mwisho. Siku ya tisa beringi za gurudumu la trela zikaungua, tukapoteza siku tano tukisubiri vifaa, likizo ikaisha, tukageuza. Tulifika kwake miezi minne baadaye, wakati huo hanitambui kwa sauti wala kwa sura. Tangu hapo, mwenye siku chache ndiye wa kwanza kwenye orodha yetu, hata kama barabara inazunguka.

Rafiki ambaye hamjaonana miaka 15 au 20 anahitaji mpango wake. Usimpangie siku tatu za kukaa uwanjani kwake. Mtu unayemkumbuka alikuwa na miaka ishirini na kitu, na yeye pia anamkumbuka mtu ambaye wewe si yeye tena. Egesha kwenye kambi ya wasafiri iliyo karibu, mwalike aje kwenu alasiri, mkae saa mbili au tatu. Mazungumzo yakishika, kesho ipo, na trela halijaondoka. Yasiposhika, kila mmoja anarudi kwake bila aibu. Na mara nyingi hushika, lakini hushika vizuri zaidi pale ambapo hakuna aliyebanwa.

Kati ya mwenyeji mmoja na mwingine weka usiku mmoja wa peke yenu, kambini au popote panaporuhusiwa kulala. Usiku huo ni wa kufua, kumwaga maji taka, kujaza maji safi na kunyamaza. Ukitoka kwa kaka ukaingia moja kwa moja kwa rafiki wa shule, habari za kaka bado zimekujaa kichwani, na rafiki atakuona umekaa naye lakini haupo. Mke wangu hutumia usiku huo kuandika mambo aliyoyasikia: nani alizaliwa lini, ugomvi wa shamba ulianzia wapi, yule kwenye picha ya harusi ni nani. Kesho yake hayo yangekuwa yameshachanganyika.

Ukishapanga watu, ndipo ufungue ramani. Wavuta trela wa Amerika Kaskazini wana kanuni wanayoiita 3-3-3: usiendeshe zaidi ya maili 300 kwa siku, yaani kama kilomita 480, ufike kabla ya saa 9 alasiri, na ukae usiku 3 kabla ya kusogea tena. Kwa siku za barabarani tu, kanuni hiyo inatosha. Kwa siku ya kufika kwa mtu, mimi hukata umbali kwa nusu. Dereva aliyevuta trela kilomita 480 hufika akiwa na macho mekundu na maneno machache, na mwenyeji aliyekungoja mwaka mzima anastahili zaidi ya hayo.

Hatua ya 2: Piga simu, uliza juu ya uwanja

Kabla ya kupiga, pima trela lako mwenyewe: urefu wote pamoja na gari, upana pamoja na vioo vya pembeni, na kimo hadi juu ya kitu kilichoinuka zaidi paani, kama kiyoyozi au antena. Andika namba hizo kwenye karatasi na uibandike mbele ya dereva. Utazihitaji kwa mwenyeji, na utazihitaji kila unapokaribia daraja la chini.

Mwenyeji atasema, "Njooni tu, nafasi ipo tele." Anasema kweli kwa moyo wake, ila hajawahi kuitazama nafasi hiyo kwa jicho la mtu mwenye trela. Mwombe picha mbili: moja amesimama barabarani akielekeza simu getini, nyingine amesimama ndani akielekeza simu barabarani. Halafu uliza upana wa geti, nyaya na matawi yaliyoning'inia juu ya njia, mteremko, na kama ardhi hulainika mvua ikinyesha. Uliza pia shimo la maji taka na mabomba ya chini ya ardhi yamepita wapi. Swali hili watu husahau, na mfuniko wa shimo la septiki haukujengwa kubeba trela la tani moja na nusu.

Muulize vilevile kama mtaa wao unaruhusu trela kulala uwanjani au kandokando ya barabara. Miji mingi ina sheria juu ya hili, na jumuiya za wakazi nyingine zina masharti makali kuliko mji wenyewe. Mwenyeji akiona vema, mwombe awaambie majirani mapema. Jirani aliyeambiwa huja kusalimia; asiyeambiwa huchungulia dirishani.

Jambo la mwisho kwenye simu ndilo zito kuliko yote: taja siku ya kufika na siku ya kuondoka, wewe mwenyewe, bila kungoja kuulizwa. "Tunaingia Alhamisi alasiri, tunatoka Jumapili asubuhi." Kisha mpe njia ya kukataa: "Kama wiki hiyo mna mambo, tutalala kambini tuwe tunakuja mchana." Ndugu hawezi kukwambia usije. Anaweza kukwambia kambini kuna nafasi nzuri, na hapo umeshaelewa.

Hatua ya 3: Panga uzito

Hapa sitanii na mtu. Trela lililopakiwa vibaya linaua, na safari ya kutembelea watu ina kishawishi chake: zawadi, sanduku la picha, meza ambayo dada alikuwa anaitaka. Na wakati wa kurudi, kila nyumba inakufungashia kitu.

Soma kibao cha mtengenezaji kwenye trela na kitabu cha gari. Kuna uzito wa juu kabisa wa trela likiwa na mizigo, uzito ambao gari linaruhusiwa kuvuta, na uzito ambao shingo ya trela, yaani sehemu ya mbele inayoshikana na gari, inaruhusiwa kulikandamiza gari. Usikadirie kwa macho. Pitisha vyote kwenye mizani ya magari vikiwa vimejazwa kama siku ya safari, watu wakiwa ndani ya gari. Maji ni mzigo pia: lita 1 ni kilo 1, kwa hiyo tangi la lita 100 ni kilo 100.

Uzito wa shingo ndio unaoamua kama trela litafuata au litayumba. Marekani kanuni ya kawaida ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela ukae shingoni. Ulaya, ambako magari na matrela hutengenezwa tofauti, wanalenga asilimia 5 hadi 7 hivi. Fuata kile kitabu cha gari lako na trela lako kinachosema. Popote ulipo, vitu vizito vikae chini, karibu na mhimili wa magurudumu, na vifungwe visitembee. Nyuma kabisa weka vyepesi tu: blanketi, viti vya kukunja. Ile meza ya dada ikikaa nyuma, hunyanyua shingo, na trela huanza kuchapa mkia.

Hatua ya 4: Kagua chuma na mpira

Matairi ya trela huzeeka kwa kusimama kuliko kwa kutembea. Kashata, yaani meno ya tairi, zinaweza kuonekana mpya huku mpira umepasuka ubavuni. Tafuta ubavuni namba nne za mwisho za alama ya kiwanda: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likishapita miaka mitano hadi sita, mimi hulibadilisha hata kama linang'aa. Pima upepo asubuhi matairi yakiwa baridi, na usisahau spea. Hakikisha jeki yako inalinyanyua trela, si gari tu, na kwamba spana yako inaingia kwenye nati za trela. Watu wengi hugundua kuwa haiingii wakiwa kando ya barabara.

Beringi za magurudumu zipakwe grisi kwa ratiba ya mtengenezaji. Nimeshakueleza gharama ya kuzisahau. Taa za breki, indiketa na taa za nyuma zijaribiwe na mtu wa pili akiwa amesimama nyuma. Angalia pia leseni yako inaruhusu uzito huo, na bima ya gari inagusa trela.

Kufunga trela kwenye gari kuna mpangilio wake. Shusha kikombe cha shingo juu ya tufe la chuma lililo nyuma ya gari, funga komeo, tia pini. Kisha zungusha jeki ya shingo kana kwamba unanyanyua trela tena: kama nyuma ya gari inapanda pamoja nalo, limeshika. Kama kikombe kinachomoka, hukufunga. Minyororo ya usalama ipishane chini ya shingo, ili shingo ikianguka idakwe, isichimbe lami. Waya wa breki ya dharura, unaofunga breki za trela likichomoka, ufungwe kwenye gari, usifungwe kwenye minyororo. Ingiza plagi ya taa. Nyanyua jeki hadi juu. Zunguka mara moja na macho yako.

Hatua ya 5: Barabarani

Ongeza nafasi mbele yako mara mbili ya kawaida, maana uzito wa nyuma unakusukuma. Pinda kwa upana, kwa kuwa magurudumu ya trela hukata kona ndani zaidi ya yale ya gari. Kwenye mteremko mrefu ingia gia ndogo kabla hujaanza kushuka, acha injini ishike, na gusa breki kwa vipindi. Breki zilizokandamizwa mfululizo hupata moto na kupoteza nguvu. Viwango vya mwendo kwa gari lenye trela mara nyingi ni vya chini kuliko vya gari tupu, na hubadilika ukivuka mpaka wa nchi au jimbo. Baadhi ya matairi ya trela hayakutengenezwa kwa mwendo unaozidi kilomita 105 kwa saa hata sheria ikiruhusu zaidi.

Trela likianza kuyumba, iwe kwa upepo, kwa lori lililokupita au kwa mwendo wenyewe, mguu utatamani kukanyaga breki. Usikanyage. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, usijaribu kufukuzana na mkia, acha mwendo ufe. Kama una kidhibiti cha breki za trela mkononi, zishike hizo peke yake kwa upole. Likitulia, tafuta pa kusimama na upange mzigo upya. Kuyumba mara moja ni onyo kwamba kuna kitu kimekaa pasipo pake.

Valvu za mitungi ya gesi zifungwe safari nzima. Watu wasipande ndani ya trela likitembea, hata watoto wakilia wakitaka kitanda.

Hatua ya 6: Kuingia na kuegesha

Simama nje ya geti kwanza. Shuka, salimia, tembea njia yote kwa miguu ukiwa na mwenyeji. Usikubali kuelekezwa rivasi na watu watano kwa pamoja. Ukoo mzima utakuwa umetoka, kila mmoja akipunga mkono wake. Chagua mmoja, mweleze ishara za mkono mtakazotumia, na mkubaliane kwamba usipomwona kwenye kioo unasimama papo hapo. Watoto wapelekwe ndani au barazani kabla gari halijasogea. Hili lisemwe kwa sauti.

Kwa rivasi, weka mkono chini ya usukani, pale ambapo namba 6 ya uso wa saa ingekuwa. Unakotaka kitako cha trela kiende, sogeza mkono huko. Nenda polepole, rekebisha kidogo kidogo, na ikishindikana vuta mbele uanze upya. Trela fupi hugeuka haraka na kujikunja haraka. Refu huchelewa kuitikia lakini husamehe zaidi. Hakuna aliyekuja kukupima udereva.

Likishakaa, weka pimamaji sakafuni. Sawazisha kushoto na kulia kwanza, kwa kupandisha gurudumu la upande wa chini juu ya ubao, gari likiwa bado limeshika. Kisha tia kabari mbele na nyuma ya magurudumu, ndipo ufungue komeo na kulitenga gari. Mbele na nyuma unasawazisha kwa jeki ya shingo. Miguu ya pembeni inashushwa mwisho. Kazi yake ni kuzuia mtikisiko, haikuumbwa kubeba trela. Kusawazisha si anasa: friji nyingi za trela zinazotumia gesi hazipoozi vizuri zikiinama, na zinaweza kuharibika.

Chagua sehemu inayoacha njia ya gari la mwenyeji kutoka bila kukuamsha. Kama yupo mzee, egesha mlango wako uelekee mlango wake, na mtoe viti viwili nje mapema. Vidato vya trela ni vigumu kwa magoti ya uzeeni, na mzee hatasema. Atabaki tu nyumbani akisubiri mwende. Ukiweka kiti chenye mgongo mzuri kivulini, atakuja mwenyewe.

Hatua ya 7: Umeme na maji ya mwenyeji

Soketi ya nyumbani haikujengwa kulisha trela zima. Soketi ya ampea 15 kwenye umeme wa volti 120 hutoa wati 1,800 tu. Ya ampea 10 kwenye volti 230 hutoa wati 2,300. Birika na kiyoyozi vikiwaka pamoja, sakiti breka inaruka, na huenda friji ya mwenyeji ipo kwenye sakiti hiyohiyo. Tumia ekstensheni nene ya nje, fupi iwezekanavyo, na uikunjue yote: waya uliozungushwa huku ukibeba mzigo mkubwa hupata joto hadi kuyeyuka. Chaji betri, washa taa, basi. Kiyoyozi kiache mpaka ufike kambini, au mwulize mwenyeji kama ana soketi yenye nguvu iliyofungwa na fundi. Wala usitake kurudisha bili kwa kumhesabia. Nunua kitu ambacho nyumba inakihitaji, ukiweke jikoni bila maelezo.

Betri za risasi na asidi zisishuke chini ya nusu, la sivyo maisha yake hupungua haraka. Kama unazichaji kwa sola, siku ya mawingu izime pampu ya maji usiku.

Maji safi jaza kwa mpira uliotengenezwa kwa maji ya kunywa, wako mwenyewe. Mpira wa bustani huacha ladha na vijidudu. Maji taka ni habari nyingine kabisa: fika kwa mwenyeji na matangi matupu, ondoka nayo yakiwa na kilichomo. Usimwage maji ya sinki kwenye maua yake, usifungue valvu ya choo juu ya mfuniko wa septiki yake, hata akikwambia hamna shida. Dawa za choo cha trela zinaweza kuua bakteria wanaofanya kazi ndani ya septiki. Utamwaga kwenye kituo cha kumwagia siku ya mapumziko, tangi la choo kwanza, la maji ya sinki baadaye, ili yale mepesi yasafishe mpira.

Na usiku wa baridi, usiwashe jiko la gesi kupasha joto chumba. Hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Weka king'ora chake ndani ya trela, kijaribu kabla ya safari, na jenereta isikae karibu na dirisha la mtu yeyote, lako au la mwenyeji.

Hatua ya 8: Kukaa

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwenye trela asingoje kupewa. Siku ya kwanza, baada ya salamu, uliza kazi moja ambayo imekuwa ikisubiri mikono ya pili: bawaba ya mlango, taa ya juu isiyofikika, makaratasi ya kupanga, kumpeleka mtu hospitali. Kazi hufungua mdomo kuliko kuketi mkitazamana. Kaka yangu, ambaye hatukusemezana kwa muda mrefu baada ya mazishi ya baba, aliniambia yaliyokuwa moyoni mwake tukiwa tumeshika ngazi, mmoja juu mmoja chini. Ndani, mbele ya chai na watoto, asingeyasema.

Mwachie mwenyeji asubuhi zake. Mna jiko lenu. Amkeni, kuleni kwenu, mngoje mlango wake ufunguke. Ukiwa na trela, hii ndiyo adabu inayothaminiwa kuliko zote, na wenyeji wetu wengi wameitaja bila kuulizwa. Mchana pia, rudini kwenu mlale kidogo. Nyumba inahitaji saa moja ya kuvua uso wa wageni.

Bebeni picha za zamani zilizochapishwa, si zile za kwenye simu. Picha ya karatasi hupita mkono kwa mkono na mtu huigeuza kutafuta maandishi. Andika majina kwa penseli nyuma yake palepale, mbele ya aliyeyataja. Ukiomba kurekodi sauti ya mzee, omba wazi, weka simu mezani aione, na umwulize swali dogo: nyumba ya kwanza aliyoishi ilikuwa na madirisha mangapi? Swali kubwa kama "tusimulie maisha yako" hupewa jibu fupi.

Siku uliyosema utaondoka, ondoka. Watakuomba ubaki. Wengine wataomba kwa machozi. Kama moyo unakuvuta, ahidi kurudi na utaje mwezi, lakini usiongeze usiku. Mwenyeji anayekusihi ubaki Jumapili ndiye atakayefurahi kukupokea mwakani.

Hatua ya 9: Agana kwanza, funga trela baadaye

Makosa mengi ya kuvuta trela hufanyika asubuhi ya kuondoka, na sababu ni watu. Unatia pini, shemeji anakuletea kifurushi. Unachomoa waya wa umeme, mtoto anataka kukumbatiwa. Unageuka, na hujui tena umefikia wapi. Niliwahi kuondoka ekstensheni ya mwenyeji ikiwa bado imechomekwa kwenye trela. Ilikatika na soketi yake ikang'oka ukutani, siku ambayo tulikuwa tumeagana kwa furaha kubwa.

Sasa tunafanya hivi. Tunaagana usiku, kwa kirefu, viti vikiwa vimezungushwa. Asubuhi naomba nusu saa ya kimya, na wenyeji wanaelewa nikiwaeleza sababu. Ndani: madirisha ya paani yafungwe, makabati na friji vitiwe komeo, pampu izimwe, gesi ifungwe mtungini. Nje: waya wa umeme, mpira wa maji, vidato, miguu ya pembeni, kisha gari lifungwe kwa mpangilio uleule wa hatua ya 4, na kabari ziondolewe mwisho kabisa. Mtu mmoja anafanya yote. Wa pili anapita nyuma yake na karatasi akisoma kwa sauti na kugusa kila kitu. Tukishamaliza, hakuna anayekigusa chochote tena.

Ndipo tunapeana mikono ya mwisho, mtu mmoja anasimama barabarani kuzuia magari, na tunatoka.

Simama baada ya kilomita 15 au 20, mahali palipo salama. Kagua komeo, minyororo na taa. Sogeza kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu bila kugusa kwanza. Kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, beringi au breki ina tatizo. Kama gurudumu lolote lilifunguliwa hivi karibuni, kaza nati tena baada ya kilomita 80 hivi. Kisha, gari likiwa bado limesimama, mpigie mwenyeji umwambie mmefika hapo salama. Atakuwa bado yuko nje, akiangalia alama za magurudumu uwanjani.